Bei ya Samaki: Kisa cha Mwalimu wa Bayolojia na Kipindi cha Kompyuta

"Madam, hii mashine yadanganya."

Aliyesema hivyo ni kijana wa gredi ya 9, kidole amekibandika kwenye skrini ya kipakatalishi kilichozungukwa na watoto wanne. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa, dawati la mwisho, jasho lanitiririka mgongoni. Ilikuwa Machi, na anayeijua Machi ya Mombasa hahitaji kuelezwa. Kwenye skrini, yule paka wa rangi ya machungwa wa Scratch, chombo cha kuwafundishia watoto kuandika programu kwa kuburuta vipande vya maagizo, alikuwa ameshatoa neno lake: 300.

Programu yenyewe ilikuwa na vipande vinne tu. Nikivigeuza kwa maneno yetu vilisema hivi:

Weka samaki iwe 300.
Weka bei iwe samaki.
Weka samaki iwe 450.
Sema bei.

Darasa zima lilingoja 450. Mwalimu naye aliingoja 450. Alikuwa ameshaiandika pembeni mwa ubao na kuipigia mstari. Akabonyeza bendera ya kijani, ile inayoanzisha programu, mara ya pili. Paka akasema 300. Mara ya tatu, 300. Madam akatazama saa, akatazama ubao, kisha akatoa amri ambayo kila mwenye kompyuta amewahi kuitoa: "Zimeni, muwashe upya." Vipakatalishi vilikuwa tisa, betri za vingi zimekufa, soketi moja, na waya mmoja wa kurefushia stima. Kabla hata nusu yake havijaamka, kengele ikalia.

Wanafunzi wakatoka wakicheka. Mimi nilibaki na aibu, wala si aibu ya kumwonea Madam. Semina iliyomwandaa kwa kipindi kile niliiendesha mimi.

Shule iko Kisauni. Siitaji jina, na mwalimu namwita Madam tu kama wanavyomwita wanafunzi wake, kwa kuwa yaliyompata yamewapata wengi, na wengi wao hawakuwa na mtu wa kukaa nyuma ya darasa akayaona.

Alivyofika mbele ya ubao ule

Madam alisomea kufundisha Bayolojia na Kilimo. Kenya mwalimu wa sekondari husajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, akiwa na masomo yake mawili, na hayo ndiyo anayoyabeba maisha yake yote kazini. Chini ya 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia huu wa sasa, Kompyuta lilikuwa somo la hiari. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, lilikuwa na karatasi tatu: nadharia, vitendo, na mradi ambao mtahiniwa huushughulikia kwa miezi. Shule zenye maabara ndizo zilizolifundisha, na walimu wake walikuwa wa kuhesabika: ama waliosomea ualimu wenye Kompyuta ndani yake, ama wenye shahada ya kompyuta waliorudi chuoni kutafuta stashahada ya ualimu. Mimi ni wa kundi hilo la pili.

Kisha Januari 2023 gredi ya 7 ya kwanza ya mtaala mpya ikaingia sekondari ya chini. Mwanzoni Sayansi ya Kompyuta iliorodheshwa kama somo la kuchagua. Jopokazi la rais la mageuzi ya elimu likapendekeza masomo yapunguzwe, na 2024 mambo ya kompyuta yakatiwa ndani ya somo la Pre-Technical Studies, pamoja na uchoraji wa kiufundi, zana za karakana na biashara. Kwenye karatasi ni hatua nzuri, kwani sasa kila mtoto atayagusa badala ya wale wachache wenye maabara. Lakini mwalimu wa kuyafundisha hakuzaliwa siku ile karatasi ilipotiwa sahihi. Mkuu wa shule alitazama orodha ya walimu wake, akaona Madam ni kijana, na ndiye anayewapigia wenzake chapa mitihani na kuipigapiga printa ikigoma. Akakabidhiwa somo. Nimeuliza katika shule nyingine kadhaa za kaunti hii jinsi mwalimu wa kompyuta alivyopatikana, na hadithi ya printa hunijia mara nyingi kuliko inavyopasa.

Mtu wa nje akisikia kisa hiki hukimbilia vifaa. Ni kweli vifaa ni taabu. Chumvi ya bahari hula vipakatalishi vyetu taratibu, soketi zinashika kutu, na zile tableti za mpango wa serikali ulioanza kugawa vifaa kwa darasa la kwanza mwaka 2016 nimeziona zaidi ya mara moja zimelala kabatini na kufuli juu. Tena nyaya za intaneti zinazolisha nchi hii zatoka baharini papa hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, na shule ile ya Kisauni haina intaneti. Nalisema kwa kuwa linaudhi. Ila siku ile halikuwa tatizo. Scratch ilikuwa imewekwa ndani ya mashine na haidai intaneti. Mashine ilifanya kazi yake sawasawa, na jibu lake, 300, ndilo jibu.

Semina yangu

Ilikuwa ya siku tatu, wakati wa likizo, katika ukumbi wenye kiyoyozi. Walimu walikaribia arubaini. Siku ya kwanza Word na Excel. Siku ya pili PowerPoint na usalama mtandaoni. Siku ya tatu Scratch. Chai saa nne, mahamri na viazi vya karai, watu wamefurahi.

Siku hiyo ya tatu nilifundisha namna nilivyofundishwa. Nilikuwa mbele na projekta, naburuta kipande, nao wanaburuta kipande. Aliyebaki nyuma, msaidizi wangu alimwendea, akashika kipanya yeye mwenyewe, akamtengenezea, akaondoka. Kufikia saa tisa kila paka alikuwa anavuka skrini. Tukapiga picha, tukagawa vyeti, na fomu za maoni karibu zote zikasema "nzuri sana". Nilirudi nyumbani Likoni nimesimama kwenye feri kama bwana harusi.

Nikiitazama sasa naona mambo mawili ambayo hayakutokea hata mara moja kwa siku tatu. Hakuna mwalimu aliyeulizwa, kabla ya kubonyeza, programu itafanya nini. Na hakuna aliyeulizwa mtoto atakosea wapi. Tulijaza mikono, vichwa tukaviacha vilivyokuja.

Kwa nini 450

Baada ya kengele tulikaa chini ya mwarobaini, yeye na chupa yake ya maji, mimi na ulimi unaowasha kumsahihisha. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: "Angalia, mpangilio wa maagizo..." Sijui kilichonizuia. Pengine ni uso wake. Nikamwuliza tu, "Hebu nieleze, kwa nini wewe uliona itakuwa 450?"

Hakujibu kwa maneno. Alifungua kipakatalishi chake, akafungua Excel. Kisanduku cha A1 akaandika 300. Cha B1 akaandika =A1, nacho kikawa 300. Kisha akarudi A1, akafuta, akaandika 450. B1 ikageuka 450 papo hapo, bila ya kuguswa.

"Si wewe uliyetufundisha hivi?"

Nikanyamaza. Ni mimi. Tena niliisifu mbele yao: tazameni, hesabu zajibadilisha zenyewe.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki, na ndiyo sababu nimeamua kukiandika. Madam hakuwa mjinga wa kompyuta. Alikuwa na ujuzi sahihi wa chombo kimoja, akaupeleka kwenye chombo kingine kinachofuata kanuni tofauti. Juu ya hapo ana miaka ya hisabati kichwani: x ikiwa sawa na y, basi ni sawa jana, leo na kesho. Kwa mtu huyo 450 ndilo jibu la mwenye akili. Asiyefikiri kitu ndiye angeweza kubahatisha 300.

Na mimi ningemsahihisha ningemwambia kanuni, naye angeikariri, na kesho yake mtoto mwenye fikra ile ile angesimama mbele yake, asijue ametoka wapi.

Mwaka 1986 Mmarekani Lee Shulman aliandika kwamba kuna elimu ya tatu ambayo mwalimu anahitaji, mbali na kulijua somo na kujua kufundisha kwa jumla: kujua jinsi somo hilo hasa linavyoeleweka na kueleweka vibaya na wanaojifunza. Kwa Bayolojia Madam anayo. Anajua kabla hajaingia darasani kwamba watoto watasema mmea hupata chakula chake udongoni, na ana jaribio la jani na iodini la kuwatoa hapo. Hakuna aliyempa kitu kama hicho kwa kompyuta. Semina yangu ilimpa Scratch bila kumpa makosa ya Scratch.

Nilipokwenda nyumbani nilifikiria nitampa mfano gani. Kwenye semina nilisema kibadilika, yaani jina lenye thamani ndani yake, ni sanduku. Kila kitabu husema hivyo. Wiki iliyofuata tuliwauliza watoto na tukaona sanduku limezaa makosa yake. Mmoja alishikilia kwamba ukiweka samaki ndani ya bei, basi samaki imebaki tupu. Kwani ukitoa kitu sandukuni si kimetoka? Mwingine alisema samaki ina 300 na 450 zote mbili, maana sanduku hubeba vitu vingi. Wote wawili walikuwa na haki na sanduku lao.

Mfano uliofaa ulitoka kwa Madam mwenyewe, naye aliutoa sokoni. Wauza samaki wawili wamepakana, kila mmoja na ubao wake mdogo na chaki. Wa kwanza ameandika 300. Wa pili amechungulia ubao wa jirani, akaandika 300 kwenye wake. Jirani hakupungukiwa na kitu kwa kuchunguliwa. Sasa wa kwanza anafuta, anaandika 450. Ubao wa pili wasemaje? Wasema 300, na utaendelea kusema 300 mpaka mwenyewe achungulie tena. Nambari ya zamani imefutwa, haiko popote, kwa hivyo ubao haubebi bei mbili. Kwa pigo moja makosa matatu yakapata jibu.

"Na Excel?" nikamwuliza.

Akafikiri kidogo. "Excel amemweka mtoto hapo amkodolee macho jirani. Jirani akigusa chaki tu, mtoto apiga kelele."

Nimefundisha kompyuta miaka mingi na sijawahi kusikia tofauti ya vitu hivyo viwili ikielezwa vizuri zaidi.

Alhamisi sita

Tulikubaliana kukutana kila Alhamisi baada ya masomo kwa wiki sita, pamoja na walimu wawili wa shule za jirani waliotoka kwenye semina ile ile. Hapakuwa na hoteli wala posho. Watu wa umri wangu watakumbuka SMASSE, mradi wa hisabati na sayansi ulioanza 1998 kwa msaada wa Wajapani. Wengi huukumbuka kwa malalamiko ya posho, lakini ulikuwa na kiini kizuri: panga, fundisha, tazama, rekebisha, kisha rudia. Tuliazima hicho kiini. Mwalimu mmoja anafundisha, wengine wawili wanakaa kando na kuandika wanachosema watoto. Si anachosema mwalimu, watoto.

Wiki ya kwanza na ya pili hatukuwasha mashine hata moja. Madam alikataa. Alikulia Majengo na chuoni, yaani madrasa, alisomeshwa kama wengi wetu: juzuu mbele ya maalim, kijiti mkononi, na kijiti hakivuki herufi ambayo ulimi haujaitamka sawa. Ukiteleza, maalim hakungoji ufike mwisho wa sura. Anakusimamisha pale pale kwenye herufi. Akatuambia, "Hawa twawakhitimisha kabla ya alifu kwa kijiti."

Basi ikawa kijiti. Programu inaandikwa ubaoni, mtoto anasimama na fimbo, anagusa mstari mmoja, anasema kwa mdomo kitakachobadilika, anakiandika kwenye jedwali lenye safu ya samaki na safu ya bei, ndipo anaruhusiwa kushuka mstari wa pili. Polepole hivyo. Mwalimu mmoja wa jirani alinung'unika kwamba dakika arubaini zinakwisha na programu ya mistari minne. Zilikwisha kweli. Lakini kwa mara ya kwanza tulijua kila mtoto amekwama mstari gani.

Lugha nayo ikajitokeza. Kipindi hufundishwa kwa Kiingereza, ndiyo sera kuanzia madarasa ya juu ya msingi, na kwa Kiingereza watoto wote walikuwa wanaelewa. "Yes, Madam." Mwenye fimbo alipoambiwa aeleze kwa Kiswahili, ndipo yale ya sanduku tupu na bei mbili yalipotoka. Kiingereza kilikuwa kimeyafunika. Scratch yaweza kugeuzwa Kiswahili, nasi tuligeuza, lakini watoto walirudisha Kiingereza kwenye vipande na kubaki na Kiswahili cha mdomoni. Sikubishana nao. Mafundi wa simu pale Mwembe Tayari wanafanya hivyo hivyo: kitu kina jina lake la Kiingereza, maelezo ni ya nyumbani.

Wiki ya tatu mashine ziliwashwa, na vita vya kibodi vikaanza. Watoto wanne, kipakatalishi kimoja, na kila kundi mvulana mmoja amekumbatia kibodi huku wasichana wawili wanatazama dirishani. Dawa tuliitoa barabarani. Anayebonyeza ni dereva. Dereva haamui kitu. Anayeamua ni makanga, naye haruhusiwi kugusa kibodi. Wengine ni abiria, na kazi ya abiria ni kuandika utabiri wao kabla gari halijaondoka na kupiga kelele "shukisha!" wakiona kosa. Kila dakika kumi wanabadilishana. Kelele zilikuwa nyingi mpaka naibu wa mkuu akaja kuchungulia mlangoni. Alikaa kidogo, akaona msichana mmoja akimfokea dereva wake kwamba amepitiliza stendi, akaenda zake bila neno.

Kubwa ambayo haikuwa kubwa

Wiki ya tano kulikuwa na zoezi: bei tatu za samaki, programu itaje iliyo kubwa. Msichana mmoja mkimya alimaliza kabla ya wote. Alitengeneza kibadilika akakiita "kubwa". Akakiwekea 450, akakiwekea 300, akakiwekea 120, kisha akamwambia paka aseme kubwa. Alikuwa na hakika paka atasema 450. Paka akasema 120.

"Lakini Madam, si nimeiita kubwa?"

Kosa hili lina historia. Mwaka ule ule wa 1986, mtafiti Roy Pea aliandika kuhusu wanaoanza kujifunza programu, akaonyesha kwamba nyuma ya makosa yao mengi kuna imani moja: kwamba ndani ya mashine mna akili inayomwelewa mtu na nia yake. Jina ni ishara kwa msomaji, na mtoto anadhani mashine nayo ni msomaji. Sikuwa nimemweleza Madam haya. Nilikuwa nimekaa nyuma kama kawaida, na nikajikuta nanyanyuka nikamsaidie.

Sikuhitajika. Madam aliinama juu ya kipakatalishi, akafuta jina "kubwa" kila lilipokuwa, mahali pake akaandika "pweza". Vipande vingine hakuvigusa.

"Haya. Sasa atasema nini?"

Msichana akatazama. Akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Mia na ishirini. Ameandikwa mwisho."

"Na alipokuwa akiitwa kubwa?"

"Vile vile."

Kile kitendo cha kubadili jina, dakika isiyofika moja, ndicho ninachokitafuta kwa mwalimu wa kompyuta. Hakumpa mtoto jibu, na wala hakumpa kanuni. Alijua fikra gani imesababisha kosa, akaiondolea nguzo yake, akasubiri. Cheti changu cha siku tatu hakina nafasi ya kuandika kitu hicho.

Yaliyobaki hayakwenda hivyo. Vitanzi, yaani kurudiarudia maagizo, viliwashinda watoto karibu nusu na muda ukatuishia tukiwa humo. Mmoja wa wale walimu wawili alihamishwa katikati ya muhula, na yule aliyekuja mahali pake akapangiwa Sayansi Jumuishi, basi kompyuta ikamwendea mtu mwingine ambaye hajapitia lolote. Alhamisi moja iliingia kwenye michezo. Nyingine stima zilipotea. Wazazi walimjia Madam wakiuliza kama haya ya wauza samaki yatakuja kwenye KJSEA, ule mtihani wa gredi ya 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza 2025, na hakuwa na jibu la kuwaridhisha. Mkuu wa shule ananiuliza kwa heshima kama siwezi kuleta vipakatalishi badala ya kuja kukaa.

Namwelewa. Kipakatalishi chaonekana kwenye ripoti. Uingereza, ambayo ina fedha, ilipitia njia hii: mwaka 2012 Royal Society, jumuiya yao ya wanasayansi, ilitoa ripoti kwamba somo la kompyuta mashuleni limekauka, mwaka 2014 mtaala mpya ukaanza kwa watoto wote, na mpaka mwisho wa 2017 ndipo serikali yao ilipotangaza pauni milioni 84 kwa ajili ya kuandaa walimu, na 2018 kituo cha taifa cha kufundisha kompyuta kikaanza. Mtaala ulitangulia walimu kwa miaka minne. Sisi tuko katikati ya miaka yetu minne, na hao wa gredi ya 9 wakivuka kwenda gredi ya 10 wakachagua Kompyuta katika mkondo wa STEM, yaani wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, watakwenda na wauza samaki au na "zimeni, muwashe upya", kutegemea ni mwalimu gani aliyewapata.

Kilichobaki mkononi ni daftari. La mistari, jalada la buluu, la shilingi chache. Madam ameligawa kila ukurasa sehemu tatu: mtoto alisema nini, huenda alifikiri nini, nilimwuliza nini. Halina nukta moja ya jinsi ya kuburuta kipande. Mara ya mwisho nilipolifungua lilikuwa limefika ukurasa wa thelathini na kitu, na baadhi ya kurasa sehemu ya katikati ilikuwa na alama ya kuuliza tu.

Likizo ya Agosti tuliitisha semina nyingine. Siku ya Scratch nilimwachia Madam, mimi nikakaa nyuma. Projekta aliiacha imezimwa. Alichora mbao mbili ndogo za wauza samaki upande mmoja, upande wa pili akaandika yale maagizo manne, akawaambia walimu wenzake waandike kwenye karatasi paka atasema nini, kisha wanyooshe mikono.

Nilihesabu mikono ya 450. Ilizidi nusu ya ukumbi, na wawili kati yao ni walimu wa hisabati.

Madam hakusema kitu. Alifuta 300 kwenye ubao wa kwanza, akaandika 450, akapangusa chaki kwenye buibui lake, akageuka na kuuonyesha ubao wa pili kwa kidole.

"Na huyu jirani," akauliza, "nani amemwambia?"